Sumaku Ndani ya Sidiria

Wariara wa Molo hakuwa mtu wa kuamini haraka. Hata mhubiri mgeni akihubiri, Wariara alimsikiliza akiwa ameukumbatia mkoba wake. Watu walimcheka, lakini walikuwa wamesahau habari za marehemu mumewe: daktari alimwambia ni vidonda vya tumbo tu, akakazana na jibu hilo hilo mpaka wakamzika.

Kwa hiyo uvimbe ulipojitokeza kwenye titi lake la kulia, na hospitali moja ya Nakuru ikamwomba aingie katika utafiti, alikunja uso. Dakta Ogada alimweleza kwamba wangemdunga dawa yenye chembe ndogo mno za chuma. Chembe zingesafiri hadi tezi ya kwapani ambako saratani hufikia kwanza, kisha kifaa cha sumaku kingeionyesha tezi hiyo ikatwe peke yake. Bila hivyo wangezikata tezi zote za kwapani, na mkono ungeweza kuvimba maisha. Na huo ndio mkono wake wa kukamulia.

Chuma mwilini! Wariara alikijua chuma. Ng'ombe wake Kanyoni aliwahi kumeza waya kwenye majani, daktari wa mifugo akamsukumia sumaku kooni ili iukamate tumboni usije ukamtoboa moyo. Wariara aliuliza itatoka lini. Akajibiwa, bila haya, kwamba itatoka siku ya kuchinjwa. Na kweli, mwenye buchari ndiye aliyemrudishia, imeota misumari kama ndevu.

Siku ya sindano akaificha sumaku ile ndani ya sidiria. Chuma chao kikijaribu kutangatanga, kitakutana na mwenyewe.

Kabla ya sindano, nesi Nerima alikisogeza kifaa kifuani pake ili kukijaribu. Kikapiga kelele chumba kizima.

"Mathe, umebeba nini hapo?"

Aibu ilimchoma Wariara hadi masikioni. Akaitoa. Nerima akaziba mdomo, lakini Ogada hakucheka. Aliigeuzageuza, akavuta kiti.

"Hii imetoka wapi, mama?"

Akamweleza yote, hata ya mumewe. Kisha akauliza, "Sasa hii yenu itatoka lini?"

"Nyingine itatoka pamoja na tezi. Itakayobaki, mwili utaitumia polepole kutengeneza damu. Lakini ngozi inaweza kubaki na baka la kahawia, hata miaka."

"Na kama saratani imeshafika kwapani?"

"Sijui bado. Nikijua nitakuambia wewe kwanza, hata kama ni mbaya."

Sijui! Muda wote mumewe alipougua, hakuna daktari aliyewahi kulitamka neno hilo. Wariara akaomba kalamu, akaisoma fomu mara mbili, akatia sahihi. Kisha akamtia Ogada sumaku kiganjani.

"Kaa nayo mpaka nipone, daktari. Na siku ya kuirudisha, unipe mimi mwenyewe mkononi. Usiwape watoto wangu."