Niliwafungulia Vitatange, Shemeji Akabeba Kosa Langu

Nilikosa. Naanza na neno hilo kwa sababu miaka mitano nimelizunguka kama mbwa anavyozunguka jiko la moto. Nilikosa mimi, mchana kweupe, mikono yangu hii imelowa maji ya chumvi mpaka kwenye viwiko.

Jina langu silitaji. Ya wengine nitayataja, maana nao wamo.

Mimi ni mtu wa Buswelu, shule niliishia darasa la pili. Zamani nilikuwa nabeba magunia ya pamba mpaka shingo ikapinda. Aliyenitoa huko ni Masanja, mume wa dada yangu Kabula. Aliniombea kwa tajiri wake, Bwana Karim, mwenye duka la nguo hapa mjini, nikapewa kazi ya kufagia na kupanga majora. Masanja mwenyewe alikuwa na kazi ambayo Mwanza nzima sikumwona mwingine nayo. Alitunza samaki wa baharini.

Msicheke. Ziwa tunalo, na sato tunao mpaka paka wanawakinai. Lakini Bwana Karim alizaliwa Tanga na bahari haikumtoka moyoni. Aliweka tangi la kioo nyuma ya kaunta, refu kama kitanda cha mtoto. Maji yake yalikuja kwa treni kutoka pwani, katika chupa kubwa zilizosukiwa fito. Kila asubuhi Bwana Karim alichovya kidole akalamba, akafumba macho. Watu waliingia kununua kaniki wakaishia kutazama samaki.

Masanja aliijua kazi hiyo kwa sababu alikwenda Tanga manamba, akatoka kwenye mkonge akamtumikia Mzungu mmoja aliyefuga samaki hao.

Ndani ya tangi kulikuwa na kitatange mmoja, wale wadogo wasiozidi kidole cha kati. Mwili buluu kama wino, mgongo kama chungwa lililoiva. Tulimwita Liwali, kwa jinsi alivyokagua mawe yake kila asubuhi. Bwana Karim akataka kumpatia wenzake. Wakaja wawili, wadogo kuliko yeye.

Masanja hakuwamwaga tangini. Aliwatia katika chupa ya mdomo mpana, akafunga mdomo kwa kipande cha chandarua, akaizamisha chupa humo humo tangini. Liwali akawa anawaona na hawafikii. Alikuja akaigonga chupa kwa pua kutwa nzima.

"Hawa si kuku, shemeji," Masanja aliniambia. "Aliyetangulia ameshajiona mwenye nyumba. Wangeingia wote siku moja, kila mtu mgeni, wangegawana mawe. Sasa tumwache Liwali achoke kuwatazama. Halafu nitapangua mawe yote, naye apotee kwake mwenyewe, ndipo niwafungulie."

Siku ya nane akaja kuniaga. Mvua zilikuwa karibu na nyumba ya mama yangu ilikuwa inavuja. Mama yangu mimi! Alituma watu mara tatu, mara tatu nikajibu nina kazi nyingi. Basi Masanja akaomba ruhusa akaenda kuezeka. Mkwe mtu, amekaa juu ya paa, mama anampelekea chakula kwa mkono wa jirani ili wasikutane uso kwa uso, kwa heshima ya ukwe. Mimi mtoto wa kiume nimebaki mjini kwenye kivuli.

"Lisha mara mbili," akaniambia. "Maji yakipungua chini ya alama, ongeza ya mvua kidogo, maana yanayokauka ni maji tu, chumvi inabaki humo. Chupa usiiguse mpaka nirudi. Umenisikia, shemeji?"

"Nimekusikia."

Nilimsikia! Sina pa kujificha hapo.

Sasa nimtaje Zuberi. Zuberi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka, mtu wa Igogo, mdomo wake haukujua Jumapili wala Ijumaa. Siku ya pili asubuhi aliingia kuazima mkasi, akakuta wateja watatu wanatazama tangi nami nimesimama pembeni nimejivuna.

"Leo bwana samaki ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Basi tueleze. Hawa wamefanya kosa gani wakafungwa kwenye chupa kama dawa ya kikohozi?"

"Ni wageni. Wanangoja."

Akageukia wateja. "Mmesikia? Wiki nzima mgeni yuko mlangoni! Kwenu Usukumani ndivyo mnavyokaribisha watu? Au huyu hana ruhusa, anangoja mwenye akili arudi kutoka Buswelu?"

Wakacheka. Mama mmoja akasema, "Maskini, wamekonda."

Ndugu zangu, neno hilo la mwenye akili liliniingia kama mwiba wa samaki. Na lile la mgeni mlangoni pia. Kwetu mgeni anawekewa kiti kabla hajaulizwa jina. Nikajiambia, hawa wote kwao ni bahari moja, wataachaje kufurahiana? Nikakunja mikono ya shati. Nikafungua chandarua, nikainamisha chupa.

Liwali alikuja taratibu, akawazunguka. "Mnaona?" nikasema. "Anapokea shikamoo yake." Watu wakacheka, safari hii kwa kunipenda. Nilijisikia mtu!

Saa nzima haikufika.

Liwali alianza kwa kuwang'ata mapezi. Aliyeingia nyuma ya jiwe alitolewa, aliyekimbilia juu alishushwa. Hakukuwa na shimo ambalo Liwali hakulijua. Nikachukua kichungio cha chai kuwatoa, nikaangusha mawe, maji yakachafuka, nikawa navua kama kipofu. Mmoja aliruka nje, nikamwokota sakafuni amejaa vumbi. Wa pili nilimkuta alasiri, amelala kwenye kona, jicho hana. Hata Liwali alikuwa amechanika mkia.

Bwana Karim alikuwa ametoka tangu asubuhi, aliporudi akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Nani amefungua chupa?"

Hapo ndipo, jamani. Neno lilikuwa fupi sana, "mimi" tu. Nikasema, "Masanja aliniagiza. Alisema leo ndiyo siku yake."

Zuberi alikuwa pale pale mlangoni. Alijua. Aliinamisha kichwa akakanyaga cherehani yake, tiki tiki tiki, anashona. Zuberi, kama unasoma, nawe jiulize. Lakini sitasema ni wewe uliyenifunga ulimi.

Masanja alirudi kesho yake, nyasi zingali kwenye nywele, mkononi kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mayu amekutumia," akaniambia, ndivyo tunavyomwita mama. Hajakaa, Bwana Karim akamwita mbele yetu sote.

"Masanja, ulimwagiza huyu awafungulie samaki?"

Masanja akanitazama. Kwetu mtu hamwiti kaka wa mkewe mwongo mbele za watu, afadhali ameze jiwe. Nilijua. Naye alijua kwamba najua. Alinitazama akiningoja niseme mimi. Kibuyu nilikuwa nimekishika, nikawa nasoma sakafu kama mwenye kujua kusoma.

"Kama shemeji amesema hivyo," akasema polepole, "basi ndivyo."

"Mimi nilikuamini," Bwana Karim akasema. Hakumuuliza la pili. Naye namtaja kwa hilo. Mtu aliyekutunzia bahari miaka sita, unamuuliza mara moja tu?

Chumba cha uani walichokaa Masanja na Kabula kilikuwa cha kazi, na kazi ilikwisha siku hiyo. Kesho yake walitoka, dada yangu na mkeka kichwani. Alinipita, akarudi hatua mbili.

"Alikuwa amesimama anakungoja," Kabula akaniambia. "Ulishindwa hata kukohoa?"

Masanja alirudi Tanga, kwenye mkonge, na mwili ule haukuwa tena wa kijana. Hajarudi. Kabula alikwenda kwa mama.

Na mimi je? Mimi nikapewa tangi! Nikajifunza kulamba maji. Miaka mitatu nilimlisha Liwali, peke yake na mawe yake. Kila nikikaribia alikuja kwenye kioo. Bwana Karim hakuagiza mwingine tena. Liwali alipokufa maji yakamwagwa, nikarudi kwenye ufagio. Nilikula mkate wa mwenzangu na haukuninenepesha.

Mwaka huu, watu wamekwisha kuimba uhuru wao, nilikwenda Buswelu na mzigo wa nyasi mpya begani. Nilitaka nami niezeke. Nikapanda juu ya paa nikatafuta pa kuziba. Nikapapasa fundo moja moja. Yote ya Masanja, yote yamekaza. Nikasikia sauti ya Kabula chini.

"Shuka. Huko hakuna kazi yako."

Nikashuka na nyasi zangu.

Nimeomba barua hii ichapwe kwa sababu nimesikia gazeti hufika mpaka kambi za mkonge. Masanja hasomi sana, ila kuna atakayemsomea. Shemeji, hukuniagiza. Uliniambia nisiguse, nami nikasema nimekusikia. Ulisema uongo kwa heshima yangu, nami nilisema wangu kwa woga. Nasema hayo mbele za watu, kwa kuwa mbele za watu ndipo nilipokuacha. Najua nimechelewa.

Ninyi wengine, msinihurumie. Angalieni tu. Mtu akikuambia usiguse, usiguse, hata baraza zima likicheka. Na ukishakosa, sema wakati mwenzako bado anakutazama. Ni muda mdogo, hautoshi hata kumeza mate. Akishainamisha macho, umekwisha.