Sindano Mbili za Mama Mkwe

Safari hii sikuipanga mimi. Mke wangu Rosa alikuwa na siku nne tu tangu ajifungue, na kaka zake wote wako Nairobi. Basi simu ilipokuja kutoka Shinyalu kwamba mama yao amekubali hatimaye kwenda kupimwa, macho yote nyumbani yakaniangukia mimi. Alikuwa na uvimbe chini ya sikio la kushoto, pale taya linapopinda, mwaka wa pili sasa. Mwanzoni alidhani ni matubwitubwi, akajitibu kama tunavyowatibu watoto: akajitwika kuni kidogo, akauzunguka mti, akazitupa na kukimbia nyumbani bila kugeuka nyuma. Mwanamke wa miaka sitini na miwili! Uvimbe haukusikia. Mwaka huu ukaanza kukua, na dada yake alikuwa amefariki kwa saratani ya shingo. Hilo ndilo lililotunyima raha.

Saa kumi na moja alfajiri niliondoka Lugari na pikapu yangu ya kubebea mahindi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na njia nzima nilisema peke yangu, maana nilikuwa na tatizo lisilo na dawa hospitalini. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani hadi mwenzake apite. Nimemwoa binti yake miaka kumi na mmoja na uso wake siujui vizuri. Na pikapu yangu ina viti viwili tu, vimebanana.

Nilifika Shinyalu saa moja na nusu nikakuta mama ameshatatua kila kitu. Kiti cha plastiki kilikuwa kinasubiri uani pamoja na kamba ya kukifungia nyuma ya pikapu. Yeye alisimama kando na mwavuli wake, amegeukia ukuta wa jikoni. Jirani yake ndiye aliyenipa maagizo: Kukhu akigonga bati mara moja, nisimame, mara mbili, niende. Kukhu ni bibi, ndivyo wanangu wanavyomwita, nami nilimwita hivyo hivyo, kwa mbali.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa na watu wengi, na wote walimpungia mkono kama mgombea anayeomba kura. Alinisimamisha mara tatu, nami kila mara nikidhani maumivu yamezidi. Kumbe anataka kuwasalimu watu wa kanisa lake. Nilizima injini nikangoja salamu ziishe, na salamu za Shinyalu haziishi upesi.

Saa nne tulikuwa Kakamega mjini, katika chumba kidogo chenye kitanda, meza na darubini. Walikuwamo fundi wa maabara na daktari, mwanamke kijana wa kabila letu kutoka Khwisero. Nilisimama mlangoni nikawapa mgongo, kama mila inavyotaka, lakini masikio niliyaacha ndani. Daktari alieleza kwamba uvimbe uko kwenye tezi ya mate, na kwamba uvimbe mwingi wa hapo si saratani, ila kidole hakiwezi kujua. Atachoma kwa sindano nyembamba avute chembe chache, wazipake kwenye kioo, wazitie rangi, kisha azitazame kwa darubini.

"Hiyo sindano inaumanga?" Kukhu akauliza.

"Kama siafu, mama."

"Siafu tumezoea."

Lakini ilipoingia, alishtuka hadi kitanda kikalia. Yakatoka maji ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na uvimbe ukanywea. Kukhu akajipapasa akacheka, akasema imeisha. Nami sikungoja. Nilitoka nje mbio nikampigia Rosa, nikamwambia mama amepona, achinje kuku. Rosa alilia kwa furaha, nikajiona mwanamume kamili.

Niliporudi mlangoni, daktari alikuwa bado anapapasa. Chini ya yale maji kulikuwa na kitu kigumu kama harage. Alisema maji mara nyingi hayana la kusema. Chembe zenye habari zimekaa pale penye ugumu, na ukiridhika na maji unaweza kumrudisha mtu nyumbani na ugonjwa wake. Simu ilikuwa bado ya moto mkononi mwangu. Niliona aibu.

Ilibidi achome tena, na safari hii kichwa kisisogee hata kidogo, kwa kuwa hicho kigumu kilikuwa kidogo na kinateleza. Fundi hangeweza kusaidia. Kazi yake ni kuzipaka chembe kwenye kioo kabla hazijakauka. Daktari akaniita nije nimshike mama kichwa.

"Huyu ni mkwe wangu," Kukhu akasema.

Daktari akaweka sindano chini. Mtu wa Khwisero hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Akasema tunaweza kusubiri muuguzi wa kike, atapatikana mchana. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, Kukhu akasema nami moja kwa moja.

"Baba Neema, mimi nataka kujua kitu iko hapa ndani. Kuja unishike."

Nilikwenda. Kichwa chake kilikuwa chepesi na cha moto. Nilikibana kati ya viganja vyangu kisisogee. Alifumba macho. Sindano iliingia ikacheza mbele na nyuma, ikatoka, na fundi akakimbilia vioo vyake. Niliendelea kushika tu, mpaka Kukhu mwenyewe aliponiambia sasa niachilie. Daktari akasema majibu yatatoka baada ya wiki moja.

Jioni nilimrudisha Shinyalu akiwa kitini pake na mwavuli wake. Huko ndiko nilikompigia Rosa simu ya pili, ile ngumu ya kukanusha ya kwanza. Safari hii ilinifundisha kutoshangilia uvimbe kwa sababu umenywea, na kwamba heshima niliyoijua miaka yote ilikuwa ya kukaa mbali tu.

Wiki iliyofuata tulirudi Kakamega kuchukua majibu. Si saratani. Nililia pale mlangoni bila kujificha. Daktari akasema uvimbe lazima utolewe hata hivyo, maana ukiachwa miaka mingi unaweza kubadilika, na daktari wa upasuaji ataulinda mshipa wa fahamu wa uso unaopita hapo. Kisha akachukua fomu akauliza ni nani atakayekuwa na mama siku ya upasuaji. Nikiwa nimewapa mgongo, nilimtajia majina ya shemeji zangu wa Nairobi, mmoja mmoja. Kukhu aliniacha nimalize.

"Hao watakuja kukula," akamwambia daktari. "Andika huyu wa mlangoni."

Daktari akaniuliza jina langu kamili, nikamtajia.