Tangi Lililochacha

Tangi la hoteli lilipochacha, nilikuwa nshazowea watu kukaa mbali nami. Kazi yangu kule Matemwe ilikuwa kulichunga tangi linalopokea tope la vyoo na jiko. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hula lile tope, vikatoa gesi, na kinachobaki hakinuki sana. Tunakianika na kukipeleka shamba. Gesi ile ndiyo iliyopikia wali wa wafanyakazi.

Asubuhi moja mpishi wetu alinijia akaniambia moto umekufa. Nilipofungua kifuniko, harufu ilinipiga kifuani. Haikuwa ile ya siku zote, ambayo pua yangu ilikuwa haiisikii tena. Hii ilikuwa kali kama siki. Nikachovya karatasi ya kupimia uchachu, na rangi yake ikanithibitishia. Vijidudu vilikuwa vinakufa.

Meneja hakunifokea. Aliniuliza kwa upole kama kweli kazi hii mwanamke anaiweza, akasema nikishindwa kwa mwezi mmoja tangi litafukiwa, na tope litakuwa likinyonywa na gari kutoka mjini. Nilitoka ofisini kwake nimechoka kabla sijaanza.

Nilifuata mabomba, mfereji mmoja baada ya mwengine, nikinusa. Mbele ya chumba cha kufulia nikakutana na harufu ya dawa ya kung'arishia. Mkuu wa kufua alikuwa mama mtu mzima wa Tumbatu, ndiye aliyenikanda nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Nilisimama mlangoni muda mrefu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama? Ingia."

Nikamweleza. Naye akanieleza kuwa wageni wanachorwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo, ufukweni, wanalala nayo mbichi, na shuka zinajaa madoa. Walipolalamika, akaambiwa azidishe dawa, akazidisha mara mbili. Maji yake yote yalikuwa yakija kwangu, yakiua vijidudu vyangu.

"Mimi naambiwa shuka ziwe nyeupe," akasema huku akikunja foronya. "Wewe unaambiwa tope lioze. Hakuna aliyetukalisha pamoja."

Basi tulikaa wenyewe, juu ya marobota ya taulo. Tukakubaliana shuka zenye piko azitenge, dawa atie hizo tu, na maji ya dawa ayatie kwenye mapipa, yakae juani mpaka ukali upungue, yasije kabisa kwangu.

Sehemu yangu ilikuwa ndefu zaidi. Nililipunguzia tangi tope, kama mgonjwa anayeanzishiwa uji. Nikatia chokaa kidogo kidogo kuvunja uchachu. Kila siku nilikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe nikarudi na ndoo mbili za samadi mbichi, kwa kuwa vijidudu vile vile huishi tumboni mwa ng'ombe. Kisha nikakoroga kwa mti mrefu, asubuhi na alasiri, mpaka mabega yakawa si yangu. Nyumbani mume wangu alihamishia mkeka wake ukumbini. Alisema ni kwa sababu ya joto, nami sikuwa na nguvu ya kubishana.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, povu la kijivu tu. Ya tatu niliona kiputo kimoja kikipanda, kikapasuka, kikafuatwa na chengine. Siku nne baadaye mpishi aliwasha kiberiti na moto wa buluu ukashika, mdogo, lakini ukashika.

Nilidhani nitafurahi. Meneja alikuja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniuliza kama naweza kulitazama na tangi la hoteli ya ndugu yake. Nikamwambia nitafikiri.

Nilikwenda chumba cha kufulia kumpa Bi habari. Alinionesha vidole vyake: tangu dawa ipungue, ngozi iliyokuwa ikibanduka ilianza kurudi. Niliviangalia, nikaegemea marobota.

"Lala kidogo," akasema. "Ntakuamsha."