Mkasi Juu ya Sketi ya Ngozi

Usiku ule wa kuamkia Jumanne nililala na hasira. Mkuu wetu wa maabara pale makumbusho alikuwa ameniagiza kwamba kesho yake asubuhi nikate kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye sketi ya ngozi iliyofukuliwa pamoja na mifupa ya mwenyewe, mwanamke aliyezikwa zamani sana. Kipande hicho kingepelekwa kupimwa, ijulikane ni ngozi ya mnyama gani. Nilishamwambia hatuhitaji mkasi. Ukiisugua ngozi taratibu kwa raba ya kufutia penseli, yale mabaki ya raba hunasa protini ya kutosha kumtambulisha mnyama. Akacheka, akaniuliza kama hii ni maabara au chekechea. Nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikoniuma mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajikuta maabara, mkasi mkononi. Bibi yangu mzaa mama, aliyefariki nikiwa bado chuoni, alikuwa amekaa kwenye kiti changu, analainisha ngozi kwa samli kama alivyozoea enzi za uhai wake. Sikushangaa kumwona. Niliona aibu ya mkasi tu, nikauficha nyuma.

Akaniita nije niangalie. Nikainamia hadubini, nikaona vitundu vya vinyweleo vimejipanga safu safu, nikamwambia ni mbuzi. Bibi hakuinamia chochote. Alipitisha kidole gumba, akasema ni mbuzi jike, tena amezaa zaidi ya mara moja, akanicheka kidogo. Sasa tuko uani kwake, jua linawaka, na hadubini yangu iko juu ya kinu.

Mlangoni amesimama mwanamke nisiyemjua. Amevaa ile sketi, bado mpya, mishono ya upindo midogo midogo, yote imevutwa sawasawa. Bibi ananiambia ndiye mwenyewe, aliishona kwa mkono wake akiwa na mimba ya kwanza. Nataka kumwamkia, lakini mkono wangu unatoka nyuma wenyewe na mkasi unaanza kula upindo. Mwanamke anafungua kinywa, sauti haitoki. Nataka kuacha, vidole havinisikii. Najitetea kwamba nimetumwa tu.

Bibi anaweka ngozi yake chini.

"Huyu hawezi kusema hapana," ananiambia. "Mdomo wako wewe, mjukuu wangu, nani ameuzika?"

Nikaamka nimeshasema "hapana" kwa sauti. Kulikuwa kunapambazuka. Mume wangu akageuka, akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia nazungumza na mkuu wangu, na nitaendelea naye saa mbili akifungua ofisi. Nitasugua raba mbele ya macho yake, na mkasi akiutaka aushike mwenyewe, kwanza aniondoe mimi pale mezani.

Akaniuliza, je, nikifukuzwa kazi?

"Nitatoka," nikamjibu, "lakini nitatoka nikisema."