Mjomba Kyalo na Maombi ya Alhamisi

Korosho zikichomwa hutoa moshi mzito unaouma macho, na ndani ya moshi ule mna harufu tamu ya mafuta inayoshika nguo mpaka kesho yake. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu msimu mmoja nilipokuwa na miaka kumi, au labda kumi na mmoja, sina hakika. Tulikaa kwenye mashamba ya juu, nyuma ya Msambweni, ambako babu yangu aligawiwa ardhi pamoja na Wakamba wenzake waliotoka bara. Mchomaji alikuwa Mjomba Kyalo, kaka yake mama. Alikuwa na debe kuukuu lililotobolewa matundu chini. Akilijaza korosho na kuliweka juu ya mafiga matatu, mafuta ya maganda yalidondoka motoni na moto ukaruka kama umetukanwa. Yeye hakushtuka. Alizimwaga mchangani, akazifunika, kisha akaketi kwenye kinu kilicholala ubavu na kuanza kuzibangua kwa jiwe, vidole vikiwa vyeusi tii, akiimba sauti ya chini ambayo zamani aliiimba kwenye kwaya.

Mjomba alikuwa mgonjwa wa akili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa siku zile hakuna aliyetamka hivyo. Kanisani walisema ana vita vya kiroho. Jirani yetu Mdigo, Bi Mwanakombo, alisema ni jini aliyemfuata kutoka baharini. Watoto walisema maneno ambayo sitayaandika. Alikuwa akisikia watu tusiowasikia sisi, na wakati mwingine aliwajibu kwa ukali. Kuna siku alitoka nyumbani akatembea kwa miguu mpaka Lunga Lunga, kule mpakani na Tanzania, na dereva wa lori ndiye aliyemrudisha, amevimba nyayo, akicheka. Ni lazima niseme na upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nadanganya: aliwahi kummwagia Mzee Mutua kikombe cha chai ya moto kifuani. Mzee Mutua alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu mzima mwenye goti bovu, na hakuwa amemkosea lolote. Kwa hiyo watu walipomwogopa mjomba hawakuwa wanaota. Nililiona lile shati la mzee likitoa mvuke.

Lakini nitasema nililoliona pia, na nikilikumbuka nakasirika mpaka leo. Msimu ule wa korosho kanisa liliamua kuja kwetu kila Alhamisi alasiri kumwombea mjomba. Baba alikuwa akifanya kazi ya bustani hotelini Diani, akirudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mama ndiye aliyewapokea. Mwanzoni alifurahi sana. Alifagia uwanja, akaazima viti kwa Bi Mwanakombo, akachemsha chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa. Wakaja watu kumi au zaidi, wakiongozwa na Mzee Mutua, Biblia kwapani. Mzee akasimama mlangoni, akaangalia ndani, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Mama Ndunge, Bwana asifiwe. Sasa huyu ndugu yetu, tungeomba akae huko jikoni kidogo, tumwombee kwa utulivu." Mama akasita, kisha akakubali. Mjomba akachukua jiwe lake na kapu lake akaenda jikoni, kibanda cha udongo kilichoshikana na nyumba, na mlango ukafungwa.

Basi ikawa hivyo kila Alhamisi. Walimwombea mtu waliyemtoa chumbani. Waliimba, walilia, walifunga macho wakanyoosha mikono kuelekea ukuta wa jikoni, wakaikemea roho iliyomkalia, na baada ya amina walikunywa chai na kula korosho. Korosho zile zile! Zilikuwa zimechomwa na kubanguliwa na Kyalo asubuhi, na mwanamke mmoja alizisifu kila mara, "Mama Ndunge, wewe unazichoma vipi? Zangu huungua," na mama alijibu tu, "Ni ndugu yangu," kisha mazungumzo yakahama haraka. Hakuna aliyemuaga mjomba wakati wa kuondoka. Watoto wao, waliofundishwa kumpa shikamoo hata mlevi wa njiani, walikatazwa kumsalimia. Nilikuwa mimi peke yangu nikimwambia shikamoo mjomba, naye akijibu marahaba kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyekuwa akiisubiri tangu alfajiri.

Simwiti Mzee Mutua mtu mbaya. Yeye ndiye aliyeleta makuti na kuezeka kile kibanda cha jikoni upepo ulipopeperusha paa lake, na hakuomba hata maji. Bi Mwanakombo naye, pamoja na kwamba alikaa na mjomba, akala naye sahani moja na kumwita "shemeji yangu mpenzi, utanioa lini?" mpaka mjomba akafunika uso kwa haya, bado alituletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, tumnyweshe, na akanuna mama alipokataa. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Pengine mimi na darasa langu la nane sielewi mambo ya imani. Lakini nashindwa kuona ni imani gani inayohitaji mgonjwa afungiwe mlango ndipo Mungu amfikie.

Alhamisi moja mama alikataa. Watu walikuwa wameshaketi. Mjomba alikuwa kwenye mkeka karibu na dirisha, kapu mapajani, amenyoa ndevu, amevaa shati la kola ambalo mama alilipiga pasi. Mzee Mutua akamkazia mama macho.

"Mama Ndunge, ndugu yetu hajaenda jikoni?"

"Haendi leo, mzee."

"Tusishindane, mama. Tumekuja kuomba."

"Mnamwombea nani?"

"Kyalo."

"Basi Kyalo ni huyu hapa. Jikoni kuna kuku tu."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mzee akasema mahali pa maombi panataka kutulia. Mama akamwuliza fujo iko wapi, mtu ameketi anabangua korosho. Mzee akagusa kifua chake, pale pale palipoungua, na nikaona mama ameliona lile. Akalegeza sauti. "Najua, mzee wangu. Nilikuosha mwenyewe siku ile, na nilikuomba radhi, na leo nakuomba tena. Lakini akitoka yeye natoka na mimi, na chai naondoka nayo."

Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe, sijui niigawe au niirudishe. Niliogopa kwamba watainuka waende, na wakienda hawatarudi, na sisi kule juu hatukuwa na watu wengine. Nadhani mama aliogopa zaidi yangu. Mzee Mutua akakaa. Akafungua Biblia, akaifunga. Kisha akaanza kama walivyoanza siku zote, kwa kuuliza mahitaji ya maombi, kila mtu kwa zamu. Mmoja akataja shamba lililovamiwa na nguruwe mwitu. Mwingine mtoto asiyetaka kazi ya shule. Zamu ikamfikia mjomba, ikamruka, ikatua kwa mama: "Na kwa mgonjwa wetu, mama, tuombe nini?"

"Muulize mwenyewe."

Mzee akageuka polepole, na kwa mara ya kwanza msimu ule akalitaja jina lake akimtazama. "Kyalo. Tukuombee nini?"

"Mimi?" mjomba akasema, akatuangalia sote kama tunamtania. "Usingizi. Nikilala nitakuwa mtu. Na mate. Zile tembe zinanikausha kinywa, ulimi unagandamana, siwezi kuimba." Akabangua moja, akala. "Na wewe, mzee, goti? Wiki iliyopita sikusikia vizuri, mvua ilikuwa inapiga bati la nyumba."

Hakuna aliyecheka. Tulielewa wote kwamba alikuwa akisikia kila neno huko jikoni, Alhamisi baada ya Alhamisi, pamoja na yale waliyomwita. Mama akafunika mdomo kwa leso yake. Naye pia, dada yake wa tumbo moja, aliyempa tembe kila asubuhi kwa mkono wake, hakuwahi kumuuliza. Hata sisi wa nyumbani tulikuwa tukimwombea mambo makubwa na hatukujua kwamba mtu ana kiu. Siku hiyo wakaomba usingizi na mate. Yalikuwa maombi mafupi kuliko yote, na Mzee Mutua aliyafanya akiwa ameweka mkono begani kwa mjomba.

Kliniki iliyofuata mama alimweleza daktari habari ya usingizi na kinywa kukauka, na dawa zikabadilishwa. Mjomba akalala. Hakupona, lakini alilala, na sauti yake ikarudi. Mzee Mutua akashuhudia kanisani kwamba Mungu amejibu. Nilipokuwa msichana ushuhuda ule uliniudhi, nikisema ni daktari aliyejibu. Siku hizi sijui. Kama wasingemuuliza, daktari angeambiwa nini?

Sasa mama amelala kaburini na mjomba anaishi nami Ukunda, mvi kichwani, bado anakunywa tembe zake. Kanisa letu la hapa ni kubwa, lina vipaza sauti na kundi la maombi la kwenye simu. Hakuna anayesema pepo siku hizi. Wanasema afya ya akili, wanatuma vipicha vya mikono inayoomba, na niliamini tumefika mbali. Juzi kiongozi wa kundi, kijana mpole aliyesoma, akaniandikia: "Dada Ndunge, Jumamosi tutakuja kuitia moyo familia. Tafadhali mgonjwa awe ametulizwa kabla hatujafika." Niliyasoma maneno yale nimesimama kwenye kibanda changu cha viazi karai, mafuta yakichemka, na damu ikanipanda kichwani. Miaka yote hii, jambo lile lile, sasa limevaa suruali mpya. Nikamsomea mjomba.

"Waulize na wao," akasema, "ni nani amewatuliza."

Nilicheka mpaka wateja wakaniangalia. Kisha niliandika majibu na kuyafuta, nikaandika tena makali, nikafuta, maana kijana yule hana ubaya, na siku mbaya za mjomba bado zipo, siwezi kumwahidi mtu. Mwishowe nikatuma: "Karibuni sana. Kyalo ndiye atakayewafungulia mlango."

Na aliwafungulia. Walikuwa wanne. Aliwapa mkono mmoja mmoja, akawaambia wapi pa kuweka viatu. Dada mmoja, alipokwisha kusalimiana naye, alijifuta kiganja kwenye sketi, akidhani sioni. Nililiona, na roho iliniuma. Lakini ni huyo huyo aliyebaki nyuma wenzake walipoondoka, akasimama kwenye beseni karibu na mjomba, akaosha vikombe huku yeye akivikausha, wakibishana ni wimbo gani kwaya inauharibu kila Jumapili.