Nilipopeleka Ndoo Kwenye Posa

Ukipita Jomvu Kuu ukasikia watu wakicheka habari za kijana wa ndoo, kijana huyo ni mimi, na nimeona heri niisimulie mwenyewe kwa sababu kila anayeisimulia huongeza chake (kuna mmoja anasema niliibeba kichwani, huo ni uongo, niliibeba mkononi).

Mimi nauza vyombo mtandaoni. Duka sina, nina simu na chumba kimoja Junda ambacho nusu yake ni kitanda na nusu ni masufuria. Napiga picha, naweka, mtu akipenda ananiandikia, nami nafunga mzigo namkabidhi rafiki yangu Baraka wa bodaboda, anapeleka. Kazi hii naipenda kwa sababu haina maneno mengi. Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni, nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka, na simu ikilia huiangalia mpaka inyamaze ndipo namwandikia mtu, "Nimeona umepiga." Kuandika nako naandika polepole, shule niliishia darasa la nane, lakini ukiandika hakuna anayekutazama.

Basi kulikuwa na mteja wangu mmoja wa Jomvu Kuu, Bi Maryamu, mama wa wenyeji wa zamani wa pale, ambaye nilikuwa sijamwona wala kusikia sauti yake. Aliagiza vikombe vidogo vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu, akaniandikia kwamba ni vya wageni wanaokuja kumposa binti yake, na mwisho akaweka, "Usiniaibishe mbele ya wakwe mwanangu." Nikavifunga kwa magazeti, kimoja kimoja, nikavitia kwenye katoni. Lakini Baraka siku hiyo alikuwa na mtungi wa gesi wa mtu mwingine, akaufunga nyuma ya pikipiki na katoni yangu akaiweka juu ya mtungi, na ile barabara mnaijua ilivyo na mashimo.

Asubuhi ya pili ujumbe ukaingia. "Vikombe vimevundika. Ndoo leo kabla ya alasiri."

Vitu kuharibika njiani ni kawaida katika biashara hii na nina utaratibu wangu, mteja akilalamika naomba picha, nikiiona nasema pole, kisha napeleka kitu kingine pamoja na nyongeza ndogo ya kumtuliza moyo. Nikaomba picha, ikaja, vigae vitupu, vilivyosalimika ni vichache. Hapo nikausoma ujumbe mara ya pili. Vimevundika? Samaki ndiye huvunda, kikombe kitavundaje? Nikajiambia mama wa watu amekosea herufi, alitaka kusema vimevunjika. (Hilo neno la kwanza nililisahihisha vizuri kabisa. La pili nikaliacha kama lilivyo.)

Kwa sababu asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeweka picha za ndoo mpya zenye mifuniko, nikaona Bi Maryamu ameziona, ameghairi vikombe, anataka ndoo badala yake. Vikombe vya wageni nikadhani ataazima kwa jirani. Na kusema kweli nilifurahi, maana vikombe vya aina ile vilikuwa vimeniishia, na ndoo ninazo tele.

Hapa ndipo ilinipasa kupiga simu. Nilikuwa na namba yake, nilikuwa na salio, kilichokosekana ni ulimi. Nikaandika, "Pole mama. Ndoo tu?"

Akajibu, "Ndoo tu mwanangu, tutaelewana."

Ungekuwa wewe ungeelewaje?

Nikachagua ndoo nyekundu, ndiyo nzuri kuliko zote, nikaipangusa, nikatia ndani vipande vya sabuni ya kuogea kama nyongeza, na nikafunga utepe mweupe kwenye mshikio ili mama aone kwamba nimejuta. Baraka akanipeleka mpaka mwisho wa barabara, akazima pikipiki, akasema hasogei mbele.

"Wewe ndiye muuzaji," akaniambia. "Mimi nikionekana pale nitaulizwa habari za mtungi."

Nikashika kijia alichonionyesha, kwa miguu. Mbele yangu kulikuwa na kundi la kina mama wamejipamba, wamebeba sinia zilizofunikwa vitambaa, wananukia udi, wanatembea taratibu wamejaza njia yote. Mtu mwingine angesema "hodi njia" akapita. Mimi nikaona haya kupita katikati ya kina mama, nikatembea nyuma yao hatua kwa hatua, na kila walipokata kona nami nikakata kona hiyo hiyo, mpaka tukafika kwenye nyumba moja yenye mkeka mlangoni, vigelegele vikapigwa, na kabla sijafungua mdomo msichana mmoja akaipokea ndoo kutoka mkononi mwangu kwa mikono miwili, kwa heshima, akaenda kuipanga kwenye mkeka pamoja na sinia.

Hapo nikajua nyumba ya Bi Maryamu ndiyo hii, na posa ndiyo hii.

Ningesema palepale ingekwisha. Nilisema, wallahi nilisema, lakini kwa sauti ile yangu, na vigelegele vilikuwa bado. Nikajibanza nyuma ya mlango.

Shangazi wa bi harusi, Bi Zuhura, mama mnene mwenye sauti, akaanza kufunua vitu mbele ya watu. Halua, wakapiga vigelegele. Tende, vigelegele. Doti za leso, vigelegele virefu zaidi. Kisha akafunua ndoo, akainama, akatoa kipande cha sabuni, akakinusa, akakiinua juu watu wote wakione.

"Ndoo na sabuni," akasema. "Kwani huko kwenu mwatuona hatukogi?"

Mama wa bwana harusi akasimama. "Hiyo si yetu! Sisi hatukuleta ndoo!"

"Si yenu, na imeingia nanyi? Imetembea yenyewe?"

"Labda mmeiweka nyinyi mtuaibishe!"

"Sisi tuiweke? Na utepe tuufunge?"

Mama mmoja wa upande wa bwana akaanza kuvaa buibui lake, kama mtu anayeondoka. Nikaona binti wa watu anakosa mume kwa sababu ya ndoo yangu. Miguu ilikuwa inataka mlango wa nje lakini nikatoka nyuma ya ule wa ndani, nikasema, "Shikamooni. Ni yangu."

Wote wakanigeukia. Wakati huo mama mmoja mwembamba akatokea jikoni, ameshika birika la kahawa, jasho linamtiririka. "Na yule mwana wa vikombe mbona hayi? Kahawa yapoa!"

"Ni mimi mama," nikasema.

Bi Maryamu akanitazama mikono mitupu. "Vi wapi vikombe? Si nilikwambia ndoo?"

"Ndoo ndiyo hii, mama."

"Nilikwambia ndoo!"

"Nayo ndiyo hii, mama, hata sabuni nimeongeza."

Akaweka birika chini. "Ewe mwana! Ndoo! Ndoo, uye hapa! Njoo, kwa hicho Kiswahili chenu cha shule!"

Kwa watu wale wa zamani kuvunjika ni kuvundika, njia ni ndia, na njoo ni ndoo, mtoto mdogo wa pale anajua. (Mimi mwenyewe nikilisikia kwa mdomo ninalijua, na Kigiriama chetu hakiko mbali nalo, lakini kwenye simu maandishi hayana sauti.) Mama wa bwana harusi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na yule mwenye buibui akalivua, na wakacheka wote isipokuwa mimi na Bi Maryamu, ambaye bado hakuwa na vikombe.

Bi Zuhura akanikabidhi ndoo yangu. "Haya, ndoo umeleta, sabuni umeleta. Kaoshe vikombe."

Basi wageni wakanywa kahawa kwa zamu katika vile vikombe vichache vilivyosalimika, nami nilikaa uani nikiviosha kila vikirudi, vikinukia sabuni ya kuogea, na kila msichana aliyekuja kuvichukua aliniambia "Ndoo!" kisha akakimbia akicheka. Posa ilikubaliwa. Bi Maryamu nilimpelekea vikombe vyake vingine baadaye kwa mkono wangu, akanifungulisha kimoja kimoja mbele yake, akavigonga kwa ukucha, akaridhika.

Tangu siku hiyo nimeapa, mteja akilalamika simwandikii tena, nampigia. Simu ikianza kuita ninaomba asipokee, lakini naishikilia hapo hapo sikioni, kwa sababu aibu ya simu huisha ukikata, na ile ya ndoo sijaona bado inaishia wapi.