Nilivyogawa Chandarua Nikaenda Dunguni

Kosa langu niliseme mwenyewe, msije mkalisikia kwa watu: mimi, mzaliwa wa Ifakara, mji ambao mbu wake hawahitaji kutambulishwa, niligawa chandarua changu siku moja kabla ya kwenda kuishi katikati ya mpunga.

Kilichoniondoa ni kelele. Miaka ile ya tisini kila jirani alikuwa na redio, na mashine ya kukoboa ilihamia nyuma ya nyumba yangu. Mimi ni fundi cherehani wa barazani. Safari yangu ndefu ilikuwa kwenda sokoni kununua uzi. Basi Shangazi Skolastika, dada wa marehemu baba, alipotuma salamu kwamba yuko peke yake shambani ng'ambo ya Mlimba, mguu umemvimba na ndege wanakuja, nikaona njia imefunguka. Nitaishi kwa kidogo! Chandarua nikampa jirani yangu, Mama Adelina. "Vitu ni mzigo," nikamwambia. Akakipokea upesi, kabla akili hazijanirudia.

Alfajiri treni ilinishusha Mlimba. Kutoka pale ni nusu siku kwa miguu, kiroba kichwani, maji ya mashamba magotini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga na milima ikielea juu yake kama isiyo na miguu. Nilitembea nikitabasamu peke yangu.

Mchana nikafika dunguni. Dungu ni kibanda juu ya nguzo. Kutoka pale kamba zenye makopo zinatambaa shamba zima. Ukivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Unavuta toka jua linachomoza hadi linazama, mpaka mavuno.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja na chandarua?"

"Nilikigawa."

Akanitazama. "Ulikuwa na homa siku hiyo?"

Jioni akanipa cha kwake, kimoja tu, chenye viraka. Yeye akalala karibu na moshi. Nilikataa mara moja tu, tena kwa sauti ndogo.

Siku tatu za kwanza sikuhitaji kitu. Sufuria moja, sahani mbili, wali na perege wa kijitoni. Upepo ulipita juu ya mpunga, nao mpunga ukainama na kuinuka kama mtu anayepumua usingizini, nami nikavuta kamba nikijiuliza cherehani ni ya nini.

Siku ya nne shangazi alijikokota kijijini kutafuta dawa ya mguu, akaniachia shamba. Nikalala chali nisikilize upepo. Kilichoniamsha kilikuwa sauti kama ya mvua, na mvua haikuwapo. Nilipovuta kamba, wingu la ndege liliinuka, na pembe nzima ya shamba ikabaki mabua.

Shangazi aliporudi aliitazama pembe ile muda mrefu.

"Pale palikuwa na chakula cha mwezi wa kwanza baada ya mavuno," akasema. Kisha akanifunga kamba ya makopo kwenye dole gumba la mguu. "Sasa lala."

Baadaye nikamuuliza kama maisha haya hayamchoshi.

"Asubuhi nayapenda kuliko wewe, baba. Shida ni nikiugua. Ndege hawanipi pole."

Wiki ya pili chumvi iliisha, na duka liko mbali kijijini. Nikaanza kuikumbuka hata mashine ya kukoboa. Nikamwambia shangazi kuna nguo za ubatizo, wateja wananingoja. Mpunga ulikuwa bado wiki tatu. Hakubishana. Alifungua kamba doleni mwangu, akaifunga kwenye mguu wake, ule uliovimba.

"Wasalimie," akasema.

Ifakara nilipokewa na baraza lililojaa. Nikawasimulia ukungu, perege, mpunga unaopumua, na shangazi na chandarua chake cha viraka. Nikasema mtu anaweza kuishi na sufuria moja na akacheka, mradi awe na mwenzake wa kupokezana kamba. Nilipofika hapo sauti ilinipungua kidogo, nikasingizia vumbi la treni. Nikamgeukia Mama Adelina, nikamwomba kwa adabu zote chandarua changu.

Akaingia ndani, akatoka nacho kimekunjwa, amekikumbatia kifuani.

"Hiki sikupi wewe, Longino. Kampelekee shangazi yako, mpunga wake bado uko shambani na wewe uko hapa unasimulia."